Mwezi wa Pili ni wa Nyumbu

Kitengela,
jioni ya kuamkia safari yako

Nyokabi, maitu, mama yangu,

Umeenda kusukwa nywele, na najua Mama Shiko wa saluni hawezi kukuachilia kabla giza halijaingia, kwa hivyo nina nafasi. Baba yako yuko dukani. Nimekaa hapa jikoni na mlango nimeufunga kama mwizi, kwa sababu ukinikuta naandika utacheka, na nikikuona ukicheka nitairarua hii karatasi.

Mambo ya soksi, ya dawa ya malaria, ya kutoweka pesa zote mfuko mmoja, hayo siyagusi. Baba yako amekuimbia wiki nzima mpaka hata paka wa nyumba hii anajua asioge mtoni. Mimi nina jambo moja tu. Juzi ulinikuta nikianua nguo ukaniuliza, "Mami, kwani unataka niende ama hutaki?" Nami nikakujibu ati shati la baba yako halijakauka. Ulisimama pale na beseni mkononi ukingoja, halafu ukaingia ndani. Haki uliuliza kama mtu mzima, mimi nikajibu kama mtoto. Tangu siku hiyo hilo swali limenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Nitakujibu. Lakini nitaanzia mbali kidogo, uvumilie. Si wewe ndiye umechagua kazi ya kukaa na wageni mbele ya wanyama huko Mara? Basi anza kuzoea watu wanaoongea sana.

Kazi yangu unaijua: kupanga safari. Si safari ya mtu na mkoba wake, safari za kifahari. Nilipoanza, mwanzoni mwa miaka ya tisini, ofisi yetu ya Nairobi ilikuwa vyumba viwili na mashine moja ya faksi, nami nikiwa msichana wa kupiga taipu aliyepandishwa cheo kwa sababu mwenye cheo aliacha kazi. Wageni waliandika kutoka ng'ambo wakitaka kuona nyumbu wakihama. Mimi ndiye niliyeamua hema lipi litazame mto, nani awekewe chupa ya maji moto kitandani, nani apande puto alfajiri, na meza ya chakula cha mchana itandikwe chini ya mti gani. Kuna mgeni alitaka mito ya manyoya ya bata. Mwingine alisema hapendi sauti ya fisi usiku, akauliza kama tunaweza kuwahamisha. Huyo nilimjibu kwa heshima kwamba tutaona vile tutafanya.

Na Mara yenyewe, Nyokabi, sikuwa nimewahi kuikanyaga. Hata siku moja! Nilikuwa naijua kwa picha za vijitabu, vile mtu anajua harusi ya jirani kwa albamu. Nyumbu pekee niliowajua ni wa hapa.

Ukitazama nje leo huwezi kuamini. Tulipohamia hapa na baba yako kutoka Kiambu, tukiwa tumeoana juzi, nyuma ya nyumba hii hakukuwa na kitu isipokuwa nyasi mpaka Isinya. Nyumba yenyewe ilikuwa mabati, na upepo ukivuma tulikuwa tunaongea kwa kupiga kelele. Mwezi wa pili ukifika, nyumbu walijaa huko nyuma kuzaa. Walitoka upande wa mbuga ya Nairobi, wakavuka mto, wakaenea uwanda wote. Mimi niliwaona kama kero. Walinikanyagia sukuma wiki. Usiku walikuwa wananguruma wote pamoja, ng'uu, ng'uu, mpaka baba yako akasema ni kama kulala nje ya baraza ya wazee wasiokubaliana.

Jirani yetu wa kwanza, na kwa muda mrefu wa pekee, alikuwa Yeyo Naisula. Wewe ulimjua akiwa amelainika, mama Mmaasai wa kukupa maziwa na kukucheka kwamba jina lako Nyokabi maana yake ni mtu wa kwao. Siku hizo alikuwa pilipili. Mwezi wa pili ukikaribia, alikuwa anahamisha ng'ombe wake wote anawapeleka mbali, na nyasi nzuri namna ile anaziacha. Mimi na kisomo changu kidogo nikaona nimshauri, nikaanza na salamu ya kwao.

"Takwenya, Yeyo."

"Iko."

"Mbona unaacha nyasi yote hii?"

Aliniangalia kama sufuria iliyoungua. "Hii mwezi si yetu. Ni ya oingat," akasema, akimaanisha nyumbu. "Ng'ombe ikikula mahali hao wamezalia, inashikwa na ugonjwa, inakufa. Na hiyo ugonjwa pia inaitwa oingat. Jina moja. Sasa wewe utashindana na yeye?" Akaenda zake akipigia ndama mluzi.

Basi mwaka ule nikiwa na mimba yako, faksi ikaingia kutoka kwa mama mmoja wa ng'ambo. Alikuwa mkunga. Alikuwa amezalisha watoto wa watu maisha yake yote, sasa amestaafu, na alitaka kitu kimoja kabla magoti yake hayajakataa: kuwaona nyumbu wanaohama wakizaa. Akauliza aje mwezi gani. Maitu, sikumuuliza mtu. Sikufungua kitabu. Nilimjibu papo hapo: njoo mwezi wa pili. Si nilikuwa nawaona wakizaa kila mwezi wa pili kutoka dirisha la jikoni kwangu? Nikadhani nyumbu ni nyumbu. Nikamwekea kambi nzuri kuliko zote za Mara, hema la mbele kabisa, kiti cha kukunja pale mtoni na mtu wa kumshikia mwavuli.

Kosa kama hilo lingefanywa na mtu wa Kitengela peke yake. Mtu wa Narok hangelifanya, na mtu wa Mombasa angeuliza. Mimi nilidhani najua, ndiyo maana niliponzwa. Mwezi wa pili nyumbu wa Mara hawako Mara. Wako Tanzania wanazaa huko, na huku kwetu hawavuki mpaka mwezi wa saba. Wewe umelijua hilo tangu darasa la nne. Mimi nilifundishwa na Mutiso, dereva wetu, kwa simu ya kambini.

"Madam, habari ya huko?"

"Nzuri. Mgeni anafurahia?"

"Anafurahia simba. Anafurahia twiga. Lakini madam, huyu mama anaulizia nyumbu, na mimi nimeishiwa na njia ya kusifu nyasi."

Habari zilimfikia bosi siku hiyo hiyo. Bosi wetu alikuwa mtu wa kusema polepole akikasirika. Aliniita, akaangalia karatasi ya faksi, akaangalia tumbo langu, akasema yule mama akipanda ndege bila kuona alichokuja kuona, mimi nikienda kujifungua nisirudi. Hakupandisha sauti hata kidogo. Nilienda chooni nikalia, nikaosha uso, nikarudi kwenye meza. Duka la baba yako wakati huo lilikuwa kibanda na ndoo ya misumari. Mshahara wangu ndio uliokuwa unatulisha, na wewe ulikuwa njiani.

Mutiso aliporudi Nairobi na mgeni, nilimvuta kando. Siku ya mwisho mgeni alikuwa apelekwe kununua vinyago, ndege yake ikiwa ya usiku.

"Usimpeleke vinyago," nikamwambia. "Mlete kwangu asubuhi."

"Kwako wapi, madam?"

"Kitengela."

"Kitengela kuna nini?"

"Kuna choo kipya na nyumbu."

Mutiso alicheka mpaka akashika ukuta.

Kutoka hapo hadithi unaijua, kwa sababu umekua ukinisikia nikiwapa wageni: mama mkunga akaja, tukanywa chai, nyumbu akazaa mbele yetu, na kitoto kikasimama kabla chai haijapoa. Watu wanapiga makofi. Yote ni kweli. Lakini nilikuwa naikata katikati, na nusu nyingine sijawahi kumwambia mtu, hata baba yako. Nilijua wageni wakiisikia watataka iwafanyikie na wao.

Mkunga alishuka kwenye gari na kofia kubwa. Akaiangalia nyumba ya mabati, akaniangalia, na kabla hata ya salamu akaniwekea mkono tumboni akasema, "Msichana. Na amekaa vizuri." Ukunga hauondoki mwilini. Nikampa chai kwenye kikombe cha bati, maana vya udongo sikuwa navyo, nami nikaona aibu mpaka masikio yakachemka. Hapo ndipo Yeyo Naisula akatokea na fimbo, akisukuma ndama wake wa mwisho.

"Zima hiyo gari!" akapiga kelele. "Nani amewaambia mkuje leo? Leo wanazaa wengi. Mkae kimya na msitembee tembee."

Mgeni akaniuliza amesema nini. Nikamwambia anasema karibu sana.

Tukatoka nyuma na vikombe vyetu. Na hapa, Nyokabi, kalamu inanishinda. Mimi nimeandika maneno ya kusifia wanyama miaka yote hii, "ya kuvutia", "yasiyosahaulika", nimeyatumia mpaka yamechakaa kama kitambaa cha kudekia. Siku hiyo hata moja halikunijia. Uwanda wote ulikuwa mweusi kwa nyumbu mpaka macho yanapokoma. Kila siku nilikuwa nawaona, lakini kuwatazama sikuwa nimewahi. Jike mmoja hapa, mmoja pale, wengine kule mbali, wote asubuhi hiyo moja, walikuwa kwenye uchungu. Hakuna aliyelia. Wenzao walikuwa wamesimama kando wanakula nyasi. Nikajiona mdogo, nikaona hata nyumba yangu ni ya kuomba ruhusa kuwa pale.

Mmoja alikuwa karibu nasi mpaka nikaona jicho lake. Alilala, akainuka, akatembea kidogo na vikwato viwili vimechungulia nyuma yake, akang'ata nyasi. Hebu fikiria, akang'ata nyasi! Mimi nilipokuja kukuzaa wewe nilimng'ata nesi. Mkunga akaanza kunong'ona kwa lugha ya kwao, sukuma mama, sukuma, sasa polepole, kana kwamba yuko kazini. Na kitoto kikatoka, kikaanguka chini kimelowa, rangi ya chai ya maziwa. Kikanyanyua nyuma, kikaanguka na pua. Kikajaribu tena, miguu inaenda kila mmoja na njia yake, kikaanguka. Halafu kikasimama. Ngai wangu! Dunia hii hakikuwa kimeijua hata muda wa kumenya viazi, na kilikuwa kimesimama kwa miguu yake, kinatetemeka, kinaangalia.

Mama yake alikuwa amegeuka kumfukuza mbweha. Mimi nilikuwa nimesimama muda mrefu na mgongo unaniuma, nikahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu. Basi. Kitoto kikaniona nikisonga, kikaanza kuja.

"Usisonge!" Yeyo akaninong'oneza kwa ukali. "Hata kidole. Mtoto ya oingat akizaliwa anafuata kitu ya kwanza inatembea. Ukitembea, anafuata wewe. Na akifuata wewe, huyo amekufa."

Kilikuja kwangu, Nyokabi. Si kwa mkunga aliyevuka bahari kwa ajili yake. Kilikuja kwa karani aliyekuwa anawarushia hao mawe kwa sababu ya sukuma wiki. Kikaweka pua yake iliyolowa kwenye gauni langu, hapa chini ya kitovu, kikasukuma kikitafuta ziwa. Na wewe upande wa pili ukapiga teke. Kati yenu hapakuwa na kitu isipokuwa ngozi yangu na kitambaa. Nilisikia joto lake. Niliogopa, nikafurahi, nikataka kulia, yote kwa pamoja.

Kwa pembe ya jicho nilimwona mkunga. Alikuwa amebana mikono makwapani. Mikono ile ilikuwa imepokea watoto wasiohesabika, na kila kitu ndani yake kilikuwa kinataka kukishika hiki, kukipangusa, kukielekeza. Alijibana mwenyewe huku machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Mutiso, mtu wa mdomo vile unavyomjua, alikuwa kama nguzo.

Na mimi? Mimi nilitaka kibaki. Nakuambia ukweli wangu. Kwa muda ule mdogo nilikuwa nimeshakipangia: kitalala nyuma ya tangi la maji, nitakinyonyesha kwa chupa, baba yako atakitengenezea kibanda kwa mabati yaliyobaki. Ilibaki tu kukiwekea maji moto kitandani. Kungoja nimeshindwa kila mara, lakini kupanga, woi, hiyo ni kama ugonjwa. Nilichohitaji ni kurudi nyuma hatua moja, kingenifuata mpaka mlangoni, na kingekuwa changu.

Kisha jike akaita. Sauti ndogo, mbaya, kama bawaba isiyotiwa mafuta. Kitoto kikazungusha masikio. Pua ikaondoka kwenye gauni langu, ikaacha alama ya maji. Jike hakuja kukichukua. Alikaa pale pale, akaita tena, halafu akaanza kutembea, na kitoto kikamfuata. Mwanzo kwa kuyumba, halafu kwa kukimbia. Kukimbia! Wakaingia kwenye kundi, na sikuweza tena kujua ni yupi. Nyokabi, nilimwonea wivu nyumbu. Nilisimama pale na gauni limelowa nikamwonea wivu mnyama.

Mkunga alikaa chini kwenye nyasi na magoti yake mabovu, akaomba chai nyingine, akatia sukari mpaka kijiko kikasimama, akanywa yote. Yeyo akamtazama sana. "Ametoka mbali hivyo," akaniuliza, "kuja kulia tu?"

Kazi yangu ikapona. Yule mama aliandika barua nzuri, bosi akaisoma, akaona biashara. Na hapo ndipo mimi, badala ya kujifunza kile nilichofunzwa nimesimama, nikakifanya menyu. Kila mwezi wa pili tukaanza kuleta wageni hapa nyumbani: asubuhi na nyumbu wa Kitengela, pamoja na chai. Wa kwanza walikaa kwenye nyasi. Wa pili walitaka viti. Halafu kivuli, halafu choo cha kuketi, halafu mtu akaogopa nyati, na nyati huku hatukuwa nao. Ili mgeni asiogope nikasema tuzungushe seng'enge. Baba yako wakati huo duka limekua, na anauza nini? Seng'enge na nguzo, kwa kila aliyenunua ploti. Mke anauza nyumbu, mume anauza seng'enge, na jioni tunakula meza moja tukimshukuru Mungu kwa vyote viwili.

Sikusimulii hili ili chakula ulichokula kikutoke puani. Kiliandaliwa kwa mapenzi, kutoka pande zote mbili. Lakini ulikuwa mdogo, pengine hukuona. Mwaka mmoja alikuja jike mmoja peke yake, akawa anatembea kando ya ua wetu, anaenda mpaka kwenye kona, anarudi, anaenda tena, kutwa nzima. Wageni walimpiga picha. Mimi niliingia jikoni nikapika chapati nyingi kuliko tulizohitaji. Baada ya hapo wakaja wachache, na wachache zaidi, mpaka ile siku unayoikumbuka, ulipovaa gauni la njano, meza zikatandikwa vitambaa vyeupe, wageni wakakaa na darubini zao, na hakikuja kitu isipokuwa mbuzi wa yule mwalimu jirani yetu. Uliniuliza mbele ya watu, "Mami, wanakuja saa ngapi?" Nikakufinya. Unikumbuke kwa mengine pia, lakini hilo nimelibeba.

Nililaumu wauza ploti, nikalaumu serikali, nikamlaumu baba yako mpaka akahamia kulala sebuleni siku kadhaa. Ua tuliuondoa, unakumbuka, lakini wakati huo jirani wa kushoto alikuwa na ukuta, na wa kulia ana ukuta, na kuondoa wetu ilikuwa kama kufagia uwanja mvua ikinyesha.

Kwa hivyo kazini kwako nina neno moja tu, mengine utajua mwenyewe: usimwahidi mgeni kitu chenye miguu. Atakuuliza, watavuka mto leo? Sema hujui. Watakununia, wamezoea kuambiwa ndiyo. Sema hujui, kisha ukae nao mngoje. Mimi Mara nilikuja kufika, mara mbili, kwa kazi. Nikawaona wakivuka. Sitakusimulia, kwa sababu mwezi ujao utawaona kwa macho yako, na sitaki sauti yangu iwe masikioni mwako wakati huo. Ila nakuambia magoti yako yatalegea. Acha yalegee, hata kama umevaa yunifomu.

Na sasa jambo la mwisho. Wewe unajua nilikupangia. Nilikupangia chuo cha uhasibu, hosteli karibu na kanisa, hata mtu wa kukupa kazi ukimaliza. Ulipokataa nikanyamaza. Usichojua ni kwamba juzi juzi, umeenda Kajiado kuchukua cheti chako, nilimpigia simu meneja wa hiyo kambi unayoenda. Tumejuana kwa sauti miaka mingi, nimemletea wageni wengi. Nilitaka kumwomba akutafutie sababu, cheti hakijakaa sawa, nafasi imejaa, chochote. Kabla sijasema akasema yeye.

"Madam! Najua umepiga kuhusu msichana. Usijali, tutamtunza. Unajua tulipomuuliza kwa nini anataka hii kazi alisema nini? Alisema nyumbani kwenu kuna dirisha la jikoni, na kila mwezi wa pili mama yake anasimama hapo na kikombe anatazama nje. Na nje hakuna kitu, ni ukuta wa jirani. Akasema anataka kwenda kuona mama yake huwa anatazama nini."

Nikamwambia nilikuwa nimepiga kuuliza bei ya mahema.

Basi jibu lako ndilo hili. Hapana, Nyokabi, sitaki uende. Nataka ubaki hapa, ulale kwenye chumba hicho, ulalamikie chumvi yangu mpaka nizeeke. Nimeliandika ili kule mbali usije ukadhani kunyamaza kwangu kulikuwa hasira. Sikuwa na hasira hata kidogo. Niliogopa kufungua mdomo, kwa sababu neno la kwanza lingekuwa "kaa", na wewe, na huo moyo wako, ungekaa.

Kwa hivyo kesho pale stendi nitakuwa nimefunga mdomo tena, na safari hii utajua kwa nini. Panda gari. Nenda, maitu, na likianza kuondoka usigeuke kunitazama, kwa sababu ukigeuka nitakuita.

Mama yako